Mbu wa Mchana: Kuzuia Dengi na Chikungunya Kwenye Ploti ya Nairobi

Mwulize mtu wa Nairobi kuhusu mbu, naye atakueleza habari za yule anayevuma sikioni saa nane usiku. Huyo ni kuleksi. Huzaliwa kwenye mitaro na mashimo ya maji taka, anakera, anakunyima usingizi, lakini siye anayeleta dengi. Anayebeba dengi, chikungunya, zika na homa ya manjano ya mijini ni edesi: mbu mdogo mweusi mwenye pete nyeupe miguuni, anayeuma mchana, hasa asubuhi jua likishachomoza na tena kuanzia saa kumi hadi magharibi. Havumi sana. Huja chinichini, akauma kifundo cha mguu au nyuma ya goti, ukishtuka kashaondoka.

Edesi hataki mtaro. Hutaka maji safi yaliyotulia: pipa, ndoo, tangi, tairi. Sasa fikiria mji ambao maji ya mfereji huja kwa mgao, kila mpangaji ana pipa nyuma ya mlango na mitungi sita chini ya ngazi. Makao yake tumemjengea wenyewe, tukimlaumu jirani na mtaro wake.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni habari za vyombo vya maji. Dawa ya kupuliza tutaigusa, lakini mbele huko.

Magonjwa yenyewe, kwa ufupi

Dengi, ambayo Waswahili wa zamani waliijua kwa jina la kidingapopo, ina virusi vya aina nne. Ukipona aina moja, hiyo haikupati tena, ila tatu zilizobaki zinaweza, na maambukizi ya pili ya aina tofauti ndiyo yenye hatari kubwa ya kumlaza mtu hospitalini. Aliyewahi kuugua dengi Mombasa asijione ameshamaliza. Yeye ndiye wa kujihadhari zaidi. Dalili huanza siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa: homa kali ya ghafla, kichwa kinachouma nyuma ya macho, misuli na mifupa kuuma, kichefuchefu, na baada ya siku chache vipele. Wengi walioambukizwa hawaoni dalili yoyote, na hao pia humpa mbu virusi.

Chikungunya ilitambuliwa mara ya kwanza 1952 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, na jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja. Ukimwona mgonjwa anavyotembea utaelewa. Homa yake hupita kwa wiki moja, lakini maumivu ya vidole, viwiko vya mikono, magoti na vifundo yanaweza kukaa miezi. Mlipuko wa Lamu wa 2004 ulifika Mombasa, kisha ukavuka hadi visiwa vya Bahari ya Hindi. Dengi nayo ilionekana Malindi 1982, Mandera 2011, na Mombasa 2013 na tena 2021.

Mbona Nairobi haijapata mlipuko kama wa Mombasa, na edesi yupo? Sababu moja kubwa ni baridi. Virusi vikishaingia kwa mbu havitoki siku hiyohiyo. Huhitaji kuzaliana tumboni mwake hadi vifike kwenye mate, na kazi hiyo huchukua siku 8 hadi 12 palipo na joto la nyuzi 25 hadi 28. Hapa kwetu, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, huchukua muda mrefu zaidi, na mbu jike huishi wiki mbili hadi nne tu. Wengi hufa kabla hawajawa na uwezo wa kuambukiza. Hiyo ni bahati ya hali ya hewa, si kazi ya mtu yeyote, na Januari hadi Machi bahati hiyo hupungua. Tena gari moshi la kutoka Miritini linaingia Syokimau siku hiyohiyo, likiwa na abiria aliyeumwa Pwani juzi na ambaye homa yake bado haijaanza.

Kumtambua kwa kikombe cheupe

Kabla ya kusafisha chochote, jua una nini. Vifaa ni kikombe cheupe na tochi ya simu. Jongea chombo cha maji bila kukiegemea, kwa maana viluwiluwi huzama chini mara kivuli kinapowapitia, nawe ukitazama juujuu utasema maji ni safi. Chota kwa mkupuo mmoja kando ya chombo, weka kikombe chini, hesabu dakika moja, kisha mulika.

Ukiona vijidudu vyembamba vikining'inia kichwa chini, mkia ukigusa uso wa maji, hao ni viluwiluwi wa edesi au kuleksi. Mkia ule ndio bomba la kupumulia: la edesi ni fupi na nene, la kuleksi ni refu na jembamba. Wa anofelesi, mbu wa malaria, hana bomba hilo, hulala bapa juu ya maji kama kijiti. Edesi akiguswa huogelea kwa kujipinda kama nyoka. Ukiona pia vitu vya umbo la alama ya mkato vikijipindua, hao ni mabundo, hatua ya mwisho. Bundo hali chochote, kwa hiyo dawa inayofanya kazi kwa kumezwa haimpati, na baada ya siku mbili hivi anapasuka na kuwa mbu. Chombo chenye mabundo humwagwa leo, hakingoji Jumamosi.

Sasa mulika ukuta wa ndani wa chombo, kidole kimoja hivi juu ya usawa wa maji. Chembe nyeusi ndogo kama masizi au vumbi la pilipili manga, zimegandama, hazitoki ukipitisha kidole kwa wepesi: hayo ni mayai. Jike hayatagi ndani ya maji. Huyabandika kwenye unyevu juu ya maji, machache hapa, machache kwenye ndoo ya pili, machache kwenye tairi la jirani. Yakikauka hayafi. Yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, kisha maji yakipanda na kuyafikia, yanaanguliwa, mengine ndani ya saa chache tu.

Hapa ndipo kazi ya watu wengi inapoharibika. Wanamwaga pipa, wanaliacha jua siku nzima, wanajaza upya, na baada ya wiki wanashangaa mbu wametoka wapi. Walitoka ukutani mwa pipa. Kumwaga bila kusugua ni kuyapa mayai likizo.

Kuosha pipa la lita 200

Fanya mara moja kwa wiki, siku ileile. Kwenye joto, yai huwa mbu kwa siku 7 hadi 10, kwa hiyo wiki moja inakata mzunguko. Julai huchukua zaidi, ila usianze kuhesabu digrii. Shika wiki yako. Siku nzuri ni ile ya kabla ya mgao, pipa likiwa karibu tupu. Ukingoja maji yaje ndipo uoshe, utajaza kwanza na kuahirisha, sote tunajua.

1. Hamishia maji yaliyobaki kwenye mitungi safi ukiyachuja kwa kitambaa cheupe kilichokunjwa mara mbili. Kitambaa kianikwe juani mpaka kikauke kabisa.
2. Laza pipa ubavu. Chukua brashi ngumu ya kufulia, si sponji. Sponji huteleza juu ya mayai. Sugua ukuta wote, lakini nguvu zako zielekeze kwenye mkanda kati ya alama ya maji na ukingo, na chini ya mdomo pale plastiki au bati lilipojikunja. Huko mkono hauoni, na mayai hupapenda.
3. Changanya dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini na sabuni ya unga hadi iwe uji mzito, ipake kwenye mkanda huo, acha dakika 15, sugua tena, suuza mara mbili. Vaa glavu. Usichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu, na bafu za ploti hazina dirisha la maana.
4. Maji ya suuzo mwaga kwenye udongo mkavu au chooni. Yasiende kwenye ndoo ya kupigia deki ikakaa hapo hadi kesho.
5. Jaza, funika.

Kufunika nako kuna namna. Ubao uliowekwa juu ya pipa huacha nafasi ya kidole, na nafasi ya kidole kwa mbu ni geti wazi. Karatasi ya plastiki ikilegea katikati hukusanya maji ya mvua juu yake, ukawa na mabwawa mawili badala ya moja. Kinachofaa ni kifuniko cha kujifunga chenyewe, au kipande cha neti kilichokazwa kama ngoma kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Neti isibonyee hadi kugusa maji.

Shida nyingine ni kopo la kuchotea. Nyumba ya watu watano hufungua pipa mara nyingi kwa siku, na jioni kifuniko kimeegemezwa ukutani. Mwite plamba akutoboe tundu karibu na chini aweke bomba la nusu inchi na wosha mbili za mpira, ndani na nje. Pipa liinuliwe juu ya matofali ili ndoo iingie chini. Ukishaliweka, hamna sababu ya kufungua juu hadi siku ya kuosha.

Mitungi ya lita 20 ni rahisi zaidi, ila kofia hupotea. Mtungi usio na kofia uliobakiza maji ya nusu kikombe chini unatosha mbu kuzaliana. Kwa ndani brashi haifiki, basi tia gao mbili za mchanga wa chenga na maji ya sabuni, tikisa kwa nguvu dakika mbili, mwaga, suuza. Mitungi mitupu ilazwe mdomo chini.

Tangi la juu na mambo ya keateka

Tangi kubwa halisafishwi kila wiki, kwa hiyo lazima lizibwe kabisa. Matundu ni manne: kifuniko, bomba la kuingiza maji, bomba la kufurika, na tundu la hewa. Kifuniko huharibika kwa sababu moja kuu, mafundi hukikanyaga, kikapata ufa mwembamba kama unywele ambao huuoni kutoka chini. Kwenye bomba la kufurika na tundu la hewa funga wavu wa chuma kisichoota kutu, matundu yasizidi milimita 1.2, ukazwe kwa klipu ya chuma ile ya mpira wa maji. Wavu wa nailoni hufaa kwa muda tu, jua la Nairobi huuvunjavunja. Ukague kila baada ya miezi mitatu: wavu ukiziba kwa uchafu, maji yaliyokosa njia hutafuta kifuniko na kukiinua. Boya likiwa bovu, tangi hufurika kila mgao na kuacha dimbwi la kudumu kwenye slebu, na hapo umehamisha tatizo tu. Anayepanda awe na mtu wa kushika ngazi.

Ukiwa huko juu, tazama gata. Jakaranda huchanua Septemba hadi Novemba na maua yake huanguka mvua za vuli zikianza. Yakiziba mdomo wa gata, maji hubaki yamelala humo wiki nzima. Safisha mwishoni mwa Septemba, rudia katikati ya Novemba.

Chini, fungua shimo la mita ya maji. Wengi hulisahau, na mara nyingi lina maji safi ya kuvuja, kivuli, na kifuniko chenye upenyo: mbu angeomba nini tena? Rekebisha uvujaji, kisha weka kokoto chini ili maji yakiingia yasibaki wazi. Halafu tembea kando ya ukuta. Vipande vya chupa vilivyosimikwa juu yake kuzuia wezi hukinga maji ya mvua kwenye vitako. Vijaze mchanga na simiti. Choo kisichotumika kipigwe fulashi kila wiki. Trei iliyo nyuma ya friji, kisahani cha chungu cha maua, chupa ya mmea unaokuzwa kwenye maji, zote ni wiki moja kama pipa, na kisahani kikijazwa mchanga wa maji kiasi humaliza kazi.

Matairi yana neno lake. Tairi halina upande wa kumwaga: ulaze, ulisimamishe, maji hubaki kwenye mkunjo. Gereji za jua kali ziyaweke chini ya mabati. Yanayokaa nje yatobolewe matundu ya inchi moja pande mbili zinazotazamana, na yaliyowekwa juu ya paa kuzuia mabati yasipeperuke yabadilishwe kwa mawe au yakatwe nusu.

Kwenye mjengo, mahali pabaya ni shimo la lifti na slebu iliyofungiwa maji ili simiti ikomae. Siku saba za kukomaza simiti ndizo hasa siku za kiluwiluwi kukua. Fundi anaweza kutandaza magunia na kuyalowesha asubuhi na jioni badala ya kufuga maji, na shimo la lifti lipigwe pampu kila wiki. Ukiishi jirani na mjengo wa ghorofa kumi na mbili, zungumza na msimamizi kabla hujanunua dawa: edesi kwa kawaida haruki mbali, mita mia moja au mbili zinamtosha maisha yake yote, kwa hiyo anayekuuma amezaliwa kwako au kwa jirani unayemwona.

Maji usiyoweza kumwaga

Kuna tangi la ardhini ambalo halikaushwi, na kisima cha mapambo cha kwenye ua. Cha mapambo tia samaki wadogo, watakula viluwiluwi. Kwa tangi kuna dawa mbili. Temefosi ya chenga ya asilimia 1 huwekwa gramu 1 kwa kila lita 10 za maji: pipa la lita 200 ni gramu 20, tangi la lita 1,000 ni gramu 100. Hufungwa kwenye kifuko cha kitambaa na kutumbukizwa, na hudumu wiki 8 hadi 12 maji yakikaa, lakini ukichota na kujaza kila siku nguvu yake huisha mapema. Ya pili ni Bti, bakteria wanaoua viluwiluwi wakiwameza na kumwacha mtu. Kipimo hutofautiana kwa kila bidhaa, fuata kibandiko. Zote zipitie kwa afisa wa afya ya umma, na kibandiko kiwe na nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu. Dawa ya shambani ya jina linalofanana isiingie kwenye maji ya kunywa hata tone. Mafuta ya taa pia hapana. Na klorini ya kutibu maji ya kunywa, kwa kipimo chake cha kawaida, haiwaui viluwiluwi; wengi hudhani inawaua.

Kuzuia kuumwa

Losheni ya kufukuza mbu yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30 hukupa saa nne hadi sita. Soma kibandiko kwanza, kwani kuna jeli za kunukia tu. Paka kwenye ngozi iliyo wazi, hasa miguu, baada ya mafuta ya jua na si kabla. Mtoto apakwe na mtu mzima, viganja viachwe, maana mikono yake itaingia mdomoni na machoni. Isitumiwe kwa aliye chini ya miezi miwili. Yenye mafuta ya mkalitusi wa limau isitumiwe kwa aliye chini ya miaka mitatu. Soksi ndefu za shule zivutwe juu.

Neti ya kitandani ni ya usiku, na kwa edesi msaada wake ni kwa wanaolala mchana: mtoto mchanga, mlinzi aliyetoka zamu, na mgonjwa. Waya wa dirishani una faida zaidi, matundu yaleyale ya milimita 1.2. Koili ichomwe barazani. Kwenye chumba kimoja kilichofungwa na mtoto ndani, moshi wake ni tatizo jingine.

Na ile mashine ya kupuliza moshi ambayo wakazi huishangilia? Huua mbu wanaoruka saa hiyo. Mayai hayajui kumepita nini, na mabundo yaliyo majini hutoa mbu wapya kesho na keshokutwa. Ina kazi yake wakati wa mlipuko, ikiongozana na kuosha vyombo. Peke yake ni pesa ya landilodi iliyopaa.

Homa ikishaingia nyumbani

Anza na kipimo cha malaria, hata kama hukutoka Nairobi, na taja safari zote za wiki mbili zilizopita: Pwani, Mandera, Garissa, Kisumu. Mhudumu asipoijua safari hiyo hatafikiria dengi. Malaria ikikosekana, usikubali kubebeshwa dawa za malaria "kwa usalama" pamoja na za taifodi kutokana na kipimo cha Widal, ambacho hukosea mara nyingi. Uliza kipimo cha dengi. Siku tano za kwanza za homa hutafutwa NS1, yaani protini ya kirusi chenyewe. Kuanzia siku ya tano hivi hutafutwa kingamwili za IgM. Ukipimwa IgM siku ya pili, jibu la "hakuna" halina maana. Pamoja na hicho ifanywe hesabu kamili ya damu, ili chembe sahani (zile zinazogandisha damu) na uzito wa damu zijulikane mapema na kulinganishwa baadaye.

Hakuna dawa ya kuua virusi hivi. Homa hushushwa kwa parasetamoli pekee: mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24, mtoto miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake kwa dozi moja. Angalia dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani, ukajikuta umemeza mara mbili. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ni mwiko mpaka ithibitike kwamba si dengi, kwa sababu huongeza hatari ya kuvuja damu. Mwiko huo unagusa pia ile sindano ya maumivu ya duka la dawa: uliza jina lake kabla ya kukunja shati.

Mgonjwa anywe kidogokidogo mchana kutwa, mtu mzima afikishe lita mbili na zaidi: maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS), uji mwepesi, supu, maji ya matunda. Pakiti isome, nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita moja. Chora jedwali kwenye karatasi lenye saa, joto, alichokunywa na mara alizokojoa. Alale chini ya neti mchana na usiku kwa siku tano za kwanza za homa angalau, kwa maana ndizo siku ambazo mbu akimuuma huondoka na virusi.

Kosa linaloua kwenye dengi ni kufurahi mapema. Kati ya siku ya tatu na ya saba homa hushuka, familia hushukuru, mgonjwa huachwa peke yake. Saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo ambazo mishipa ya damu inaweza kuanza kuvujisha majimaji, na presha ikashuka. Homa imeshuka na mgonjwa ana maumivu makali ya tumbo, au anatapika mfululizo, fizi au pua inatoa damu, choo cheusi, mikono baridi yenye jasho, anahema haraka, ana usingizi usio wa kawaida au anahangaika, au hajakojoa kwa saa sita: mpeleke hospitali yenye wodi na maabara saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mjamzito, mtoto mchanga, mzee na mwenye kisukari wasingoje dalili hizo. Waonwe na daktari mara homa inapoanza. Chikungunya humtesa zaidi mtoto ambaye mama yake aliambukizwa siku za kujifungua, na zika hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Maumivu ya viungo ya chikungunya yakiendelea baada ya kuthibitika kwamba si dengi, daktari anaweza kuruhusu ibuprofeni. Mazoezi mepesi ya kukunja na kukunjua vidole ndani ya maji ya uvuguvugu asubuhi hupunguza ukakamavu.

Mawili yaliyobaki

Homa ya Bonde la Ufa, ambayo virusi vyake vilielezwa 1931 kutokana na kondoo wa karibu na Ziwa Naivasha, huenezwa na mbu kati ya mifugo, lakini mtu huipata zaidi kwa damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Kwa Nairobi hilo linamhusu mchinjaji na anayechinja nyumbani wakati wa sikukuu, hasa baada ya mvua kubwa za kaskazini kama zile za 2006. Asichinje mnyama mgonjwa au aliyeharibu mimba, avae glavu na gamubuti, na maziwa yachemshwe.

Homa ya manjano ina chanjo, na dozi moja ni ya maisha. Kenya ilipata mlipuko Bonde la Kerio 1992 na Isiolo 2022, ila chanjo hii haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto wa Nairobi, kwa hiyo usidhani ulishachanjwa utotoni. Ukiwa na safari ya nchi inayoidai, chanjwa angalau siku 10 kabla ya kuondoka, maana cheti huanza kutambuliwa siku ya kumi. Mwenye mzio mkali wa mayai, aliye na kinga dhaifu, mjamzito na mtoto wa chini ya miezi tisa waseme kwanza kwa mhudumu. Kadi ya manjano ipige picha ukitoka tu kliniki, kisha uitie ndani ya pasipoti.